Yungiyungi la Moto Halichanui, au Lachanua Wakati Usiofaa: Kutafuta Sababu katika Bustani za Mwanza

Mvua za vuli zikishalowesha ardhi mara mbili tatu, kwenye vivuli vya vilima vya mawe kandokando ya Ziwa Victoria huchomoza bua nene la kijani. Juu yake hufunguka mpira mwekundu wa vimaua vyembamba, wakati mwingine hadi 200 katika kichwa kimoja, mpana kama kisosi au zaidi. Ua hilo kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Hapa tutaliita yungiyungi la moto. Lebo na vitabu vya zamani huliita Haemanthus multiflorus, jina lililopewa mwaka 1795, kwa hiyo ukikutana na majina hayo mawili usidhani ni mimea miwili.

Kichwa cha maua hudumu wiki moja hadi mbili. Kisha husinyaa, majani hushika zamu, na ikifika Juni au Julai juu ya ardhi hakuna kinachoonekana. Aliyezikosa wiki hizo mbili amekosa mwaka mzima, ndiyo maana malalamiko mengi kuhusu ua hili ni ya wakati: halikutoka, limetoka mapema, limetoka Machi wakati la jirani lilitoka Novemba.

Saa yake ni maji

Maua ya msituni ya Ulaya, kama yale ya buluu yanayotanda kwenye misitu ya Uingereza mwezi Aprili na Mei, hufuata baridi na joto. Tunguu hupitia miezi ya baridi, kisha joto la kwanza huliamsha, nalo huwahi kuchanua kabla miti haijafunga majani na kulinyima mwanga. Mwanza haina saa ya namna hiyo. Iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, mwinuko wa mita 1,140 hivi. Siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata nusu saa, na joto la Julai halitofautiani sana na la Desemba. Kinachobadilika kweli ni maji. Juni hadi Septemba ardhi hukauka. Oktoba au Novemba vuli huingia. Januari na Februari mvua hupungua bila kukatika kabisa. Machi hadi Mei ni masika. Yungiyungi la moto hulala kiangazi, huamshwa na mvua ya kwanza ya kweli, huchanua kwa akiba iliyomo ndani ya tunguu, kisha majani hufanya kazi mpaka masika yaishe.

Sasa lishike hili, maana bila hilo utatibu kisichoumwa. Kichipukizi cha ua hakiundwi mvua inaponyesha. Huundwa mapema ndani ya tunguu, kwa chakula kilichotengenezwa na majani ya msimu uliotangulia, kikabaki humo kikisubiri maji. Kwa hiyo ua likikosekana Novemba, usianze kuuliza umekosea nini Novemba. Uliza majani yalitendewa nini Januari hadi Mei, na tunguu lililala vipi Juni hadi Septemba. Anayemwaga mbolea Novemba analisha ua la mwaka unaofuata, tena ikiwa hiyo mbolea ni sahihi.

Hakikisha ni lenyewe

Matunguu yaliyolala hufanana, na mengi hubadilishana mikono wakati wa kiangazi, yakiwa hayana jani. Ukipewa tunguu bila kuona ua lake, lisubiri lichipue kisha litazame jani. Jani la yungiyungi la moto ni pana, jepesi, lina mshipa wa kati unaoonekana wazi, na vikonyo vya majani hukumbatiana vikafanya shina la uongo, mara nyingi lenye vidoa vya zambarau chini. Jani refu jembamba kama mkanda, lisilo na kikonyo, ni la Crinum au la Hippeastrum, ile yenye maua makubwa kama tarumbeta inayopandwa sana uani. Mmea unaopanda juu kwa kujishika na ncha za majani yake ni Gloriosa superba. Huo huota kutoka kwenye kiazi kilichopinda, na huchanua baada ya kurefuka, kwa hiyo kuusubiri utoe ua mwanzoni mwa vuli ni kuuonea.

Lipo pia Scadoxus puniceus. Vimaua vyake vimebanwa ndani ya majani makubwa mekundu, kichwa kizima kikafanana na brashi ya kupakia rangi. Kwa yungiyungi la moto majani hayo yanayozunguka kichwa ni madogo, hujikunja chini mapema na mpira hubaki wazi pande zote.

Na kama tunguu limenunuliwa kwa wauzaji wa maua kutoka Afrika Kusini, huenda ni ndugu yake wa pwani ya mashariki ya huko, katherinae. Huyo hubaki na majani karibu mwaka mzima na huchanua baadaye. Usimlazimishe ratiba ya Mwanza.

Dalili: vuli imeanza, juu ya ardhi hakuna kitu

Swali la kwanza: imeanza kwa kiasi gani? Mvua ya kutuliza vumbi haihesabiki. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke pale pale mmea ulipo, kisha pima kina cha maji kwa rula asubuhi. Milimita 25 kwa siku mbili tatu mfululizo zinatosha kulifikia tunguu kwenye udongo wa kichanga. Pungufu ya hapo maji huishia juu na jua huyarudisha. Kopo likae chini ya mti uleule unaotia kivuli, maana mwembe mkubwa huzuia sehemu kubwa ya mvua ndogo kwenye majani yake. Wala usitegemee kipimo cha mtaa mwingine. Mvua ya ngurumo inayotoka ziwani usiku inaweza kulowesha Kapripointi ikaacha Buswelu na vumbi lake.

Milimita 25 ni sawa na lita 25 kwa kila mita ya mraba, yaani ndoo kubwa moja na robo. Kwa chungu chenye upana wa sentimita 25 ni lita moja na glasi. Ukitaka kuliamsha mwenyewe, hicho ndicho kiasi, mara moja, kisha nusu yake kila baada ya siku nne.

Kuanzia ardhi ilipolowa kweli, hesabu wiki mbili hadi nne. Zikipita bila dalili, chimba kwa mkono kutokea pembeni, sentimita 15 kutoka katikati, usitumie jembe. Unachokikuta ndicho jibu.

Tunguu gumu lenye mizizi minene myeupe limeamka. Rudisha udongo uondoke.

Tunguu gumu lisilo na mizizi mipya bado limelala. Hii ni kawaida kwa tunguu lililohamishwa miezi michache iliyopita: mmea huu huchukia kusumbuliwa, na unaweza kuruka msimu mzima ukiuguza mizizi iliyokatika. Usilimwagilie zaidi kwa hasira. Udongo uwe na unyevu kidogo tu, likae.

Tunguu laini lenye harufu limeoza. Likiwa limeoza upande mmoja wa magamba ya nje, vua magamba hayo mpaka ufikie sehemu nyeupe ngumu, lipake majivu makavu ya kuni, lianike kivulini siku tano hadi saba, ulipande upya kwenye mchanga mtupu mpaka litoe mizizi. Likiwa limeoza kitako, pale mizizi inapotokea, halitapona. Litoe na udongo uliolizunguka, na usilitupe kwenye mboji. Sababu kubwa ya kuoza hapa kwetu ni kupanda kwenye bonde la udongo mweusi wa mbuga, unaoshika maji wiki nzima, au karibu mno na ufuo. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, maji ya ardhini yalipanda pamoja nalo kwenye viwanja vya chini ambavyo havikufurika hata kidogo, na matunguu yaliyolala humo yalikuwa yamekaa kwenye beseni. Kiwanja kama hicho kinahitaji tuta la kimo cha sentimita 30, au chungu.

Shimo tupu ni kazi ya fuko au nungunungu. Panda upya ndani ya kikapu cha waya wa kuku, mdomo wake ukiwa usawa wa ardhi.

Na mara nyingine tunguu ni zima ila limezama. Miteremko ya Mwanza hushusha mchanga kila mvua kubwa, na tunguu lililopandwa vizuri juu ya ukuta wa mawe laweza kujikuta chini ya sentimita 15 za ziada baada ya misimu miwili. Shingo ya tunguu inatakiwa iwe usawa wa ardhi au sentimita 2 hadi 3 chini. Ondoa mchanga wa ziada mwezi Agosti au Septemba, si sasa, kisha panga mawe madogo upande wa juu wa mteremko ili yaupokee mchanga ujao.

Dalili: majani mengi mazuri, ua hakuna

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote. Mmea unaonekana una afya kupita kiasi, kwa hiyo mwenye bustani haoni pa kuanzia. Pitia sababu kwa mpangilio huu. Ya juu hutokea mara nyingi zaidi.

Majani yalikatwa mapema. Ua likishasinyaa mwenye nyumba huona kazi imekwisha. Februari inakuja, nyasi ndefu, anafyeka uwanja mzima, na majani ya yungiyungi yanakwenda na nyasi. Au mbuzi wa jirani wanaingia. Jani huwa na sumu, lakini wanaolikanyaga ni wengi kuliko wanaolila. Kila jani lililopotea kabla ya Aprili ni chakula kilichokosekana cha kuunda kichipukizi. Weka mduara wa mawe ukubwa wa ngumi kuzunguka kila mmea, mwonyeshe anayefyeka, na acha jani lijifie lenyewe. Likishakuwa njano mpaka chini na linachomoka kwa kuvutwa kidogo, hapo litoe. Kwa kawaida ni Mei mwishoni au Juni.

Halikulala. Maji ya kuoshea vyombo yamwagwapo pale pale kila jioni, bomba linalovuja, au bustani inayonyunyiziwa mwaka mzima kwa ajili ya nyasi: tunguu hubaki na majani machache yasiyokufa, linachipua na kunyauka bila mpangilio, wala halipati kiangazi cha kutenganisha msimu na msimu. Lipe miezi mitatu mikavu, Juni katikati hadi Septemba katikati. Lililo ardhini, elekeza maji kwingine kwa mfereji mdogo. Lililo kwenye chungu, lihamishie chini ya upenu, usilimwagilie. Likiwa kwenye chungu kidogo cha plastiki kinachopata joto sana, nusu glasi ya maji kwa mwezi huzuia mizizi isikauke kabisa.

Kivuli kimezidi. Kusikia kwamba ni ua la msituni kumewafanya watu walipande mahali ambapo hata majani ya viazi vitamu yasingeota. Porini hukaa kwenye kivuli chenye matobo, kati ya mawe na chini ya mikuyu na miti inayopukutisha majani kiangazi, mahali panapoingia jua la asubuhi saa mbili hadi nne. Jaribio ni rahisi: saa sita mchana, nyosha mkono juu ya mmea. Ukiona kivuli cha mkono, hata hafifu, chenye madoa ya mwanga pembeni, panafaa. Usipoona kivuli chochote, ni giza mno. Punguza matawi ya chini ya mwembe upande wa mashariki kabla ya kufikiria kuhamisha tunguu.

Naitrojeni nyingi. Urea na CAN zilizomwagiwa mchicha wa karibu hufika hapa pia, na samadi mbichi ya kuku ni kali vilevile. Majani huwa ya kijani kilichokolea, marefu, yanalala chini. Acha mbolea hizo. Tumia samadi ya ng'ombe iliyooza mwaka mzima, ndoo ndogo ya lita 10 kwa mita ya mraba, mara moja baada ya ua kusinyaa, na konzi moja ya majivu ya kuni kwa kila mmea mwezi Februari. Kwenye chungu, kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 kwa mwezi, Desemba hadi Machi, basi.

Tunguu bado changa. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mitatu hadi mitano. Lenye unene wa chini ya sentimita 4 lisidaiwe kitu.

Msongamano. Huu tunautaja mwishoni makusudi, kwa sababu wengi huanza nao. Yungiyungi hili hupenda kubanwa kidogo, na kulichimba ili kuligawa bila sababu humaanisha kupoteza ua la mwaka unaofuata. Gawa pale tu matunguu yanapoinuana juu ya ardhi au yanapopasua chungu, na fanya hivyo Agosti au Septemba mwanzoni, yakiwa yamelala.

Ukiwa na matunguu mengi na hujui ni sababu ipi, toa moja sadaka. Mwezi Septemba, lipasue katikati kutoka shingoni hadi kitakoni kwa kisu kikali. Tazama karibu na kitovu: kichipukizi cha ua huonekana kama punje ya rangi ya krimu iliyonyooka, nene kuliko vijani vilivyokunjamana kandoni. Kikiwepo, tatizo litakuwa maji ya kuamshia, si chakula. Kisipokuwepo, tatizo ni la majani ya msimu uliopita, na vuli hiyo hakuna utakachofanya isipokuwa kuyatunza majani yajayo. Vaa glovu, kwa kuwa utomvu huwasha ngozi. Mmea wote ni sumu. Sehemu kadhaa za Afrika umetumika kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Kisu kioshwe kwa sabuni, na mabaki yafukiwe, yasitupwe kwenye bwawa la samaki wala karibu na kisima. Watoto waambiwe wazi kwamba tunguu hilo si kitunguu.

Dalili: limechanua wakati usiofaa

Ua la Julai au Agosti. Kuna maji yaliyolifikia. Chunguza karo, shimo la maji machafu, tangi linalofurika, na mvua ya ghafla ya nje ya msimu. Tatizo si ua lenyewe. Tatizo ni majani yatakayofuata, yatatoka kwenye ardhi kavu. Hapa lazima uamue upesi. Kama limetoa ua tu na majani hayajazidi urefu wa kidole, kata maji kabisa, huenda likarudi kulala. Majani yakishafunguka, usirudi nyuma: mwagilia kila wiki hadi vuli ipokee, uendelee kuyatunza mpaka Mei. Kumwagilia wiki tatu kisha kusahau ndiko kunakoliua, kwa sababu limetumia akiba mara mbili bila kurudisha chochote. Mwaka unaofuata lizuie maji kiangazi, litarudi kwenye zamu yake.

Ua la Machi au Aprili. Mara nyingi si kosa la mtu. Vuli ilikuwa haba au ya kukatikakatika, haikufika chini, na masika yakaliamsha. Fikiria tu kwamba muda wake wa majani umekuwa mfupi, Machi hadi Juni badala ya Novemba hadi Juni. Kwa hiyo refusha kwa maji ya mkono mpaka mwisho wa Julai. Usipofanya hivyo, vuli inayofuata hesabu ua dogo au hakuna.

La jirani limetangulia kwa wiki tatu. Tazama udongo. Luseni, ule mchanga wa miteremko chini ya mawe, hupitisha maji haraka, mvua ileile ikafika kwenye tunguu usiku mmoja. Mbuga hunywa polepole na huhitaji mvua zaidi kabla kina hicho hakijalowa. Matunguu yaliyogawanywa kutoka mama mmoja, moja likapandwa juu ya kilima na jingine bondeni, yatapishana hivyo kila mwaka. Kichuguu cha zamani kilichokufa nacho kina tabia yake: hakituamishi maji, na ua lililo ubavuni mwake mara nyingi hushika wakati vizuri.

Tunguu limetoka Bukoba. Kule mvua hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na kiangazi ni kifupi. Usilihukumu msimu wa kwanza. Lipe mizunguko miwili ya kiangazi chetu.

Ukilihitaji kwa siku maalumu, mathalani Krismasi, chungu ndicho njia. Kiweke chini ya paa tangu Oktoba ili vuli isikiamshe. Andaa vyungu vitatu. Mwagilia cha kwanza Novemba 27, cha pili Desemba 1, cha tatu Desemba 5. Vitapishana, na kimojawapo kitakuwa wazi siku hiyo. Taarifa ya msimu wa vuli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husaidia kwa yaliyo ardhini: ikisema mvua zitachelewa, usiamshe kwa mkono mapema kama huna maji ya kuendelea nayo.

Dalili: bua limechomoza likasimama

Kichwa kinakaa usawa wa ardhi, kinafunguka kikiwa kifupi, au kinakauka kabla ya kufunguka. Mvua ya kwanza iliamsha, kisha jua la siku kumi na zaidi likafuata. Toa ndoo moja kwa mita ya mraba kila siku ya nne mpaka mvua irudi, na tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, yakiachia nafasi shingo ya tunguu. Kama maji yalikuwepo na bua bado ni fupi, udongo wa juu umeshindiliwa na miguu; choma taratibu kwa uma wa bustani mwezi Septemba, sentimita 20 mbali na tunguu.

Bua refu linaloinama upande mmoja linafuata mwanga. Lishikize kwa kijiti sasa, mti upunguzwe baadaye.

Dalili: ua limeungua ndani ya siku tatu

Ncha za vimaua zinakuwa kahawia na mpira unanywea. Ni jua la alasiri. Mwanza kuna sababu ya ziada ambayo vitabu vya nje havina: mawe yenyewe. Jiwe kubwa la itale lililo upande wa mashariki wa mmea hupokea jua la kuanzia saa nane, likalirudisha kama joto hadi usiku. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa jiwe, ambako jiwe linakuwa kivuli cha alasiri na mmea unapata jua la asubuhi. Upande wa magharibi wa jiwe hilohilo, umbali wa hatua mbili tu, ua halimalizi wiki. Kwa mwaka huu, funika kwa chandarua cha kivuli au matawi ya mnazi kuanzia saa saba.

Mvua ya mawe na matone mazito nayo huvunja vimaua, lakini hapo kichwa huonekana kimepondeka, hakikauki kuanzia nchani.

Dalili: majani yana njano, matobo au madoa

Njano ya Mei na Juni ni usingizi, iache. Njano ya Desemba ikianzia chini, huku udongo unanuka, ni maji yaliyotuama. Chimba upande mmoja uyatoe.

Madirisha meupe ndani ya jani, kisha matobo, kisha shingo nzima kuwa uji: huyo ni kiwavi wa Brithys crini, mweusi mwenye madoa meupe au ya njano, anayekula jamii hii ya mimea. Huanza ndani ya jani, akashuka hadi tunguu, na kundi moja huweza kumaliza mmea ndani ya siku chache. Pindua majani mara mbili kwa wiki kuanzia yanapofunguka, ponda mafungu ya mayai yaliyo chini yake, na okota viwavi jioni. Jani lililokwisha kuwa na viwavi ndani likatwe lote na kuchomwa. Hapa kanuni ya kutokata majani inavunjwa, maana ukiliacha utapoteza tunguu. Wakiwa wengi, ulizia kwenye duka la pembejeo dawa ya Bacillus thuringiensis na unyunyize jioni, kwa sababu jua huidhoofisha.

Wadudu weupe wenye unga kama pamba kwenye makutano ya majani hufutwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 5. Madoa mekundu yanayosambaa kwa mstari ni ukungu: mwagilia udongo, si majani, na achanisha mimea ipate hewa.

Dalili: tunguu la Ulaya halijawahi kuchanua

Tulipu na nasisi huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya chini ya nyuzi 9 ili ua lao lirefuke. Hakuna kilima cha Mwanza chenye baridi hiyo. Friji huweza kulipatia msimu mmoja, baada ya hapo tunguu huisha nguvu. Nafasi na maji yake viende kwa mmea wa hapa.

Dalili: mbegu hazioti

Ua likishaanguka, tunda dogo la kijani huwa jekundu baada ya wiki kadhaa. Mbegu ndani yake ni laini na yenye maji. Haiwekwi kwenye bahasha kusubiri msimu mwingine. Ikikauka imekufa. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, kamua nyama yote ukiwa na glovu, osha mbegu, na ipande siku hiyohiyo kwenye mchanganyiko wa mboji ya majani sehemu mbili, mchanga mnene sehemu moja na samadi iliyooza sehemu moja. Ibonyeze tu juu, isizikwe. Weka kivulini, unyevu usikatike.

Mzizi hutoka kwanza na kujenga kitunguu kidogo, jani huja nyuma sana; wengi humwaga udongo wakidhani hakuna kitu, kumbe chini pameshaanza. Kiangazi cha kwanza usikikaushe kabisa kitoto hicho, mpe maji kidogo kila wiki mbili. Kuanzia kiangazi cha pili alale kama wakubwa. Wala usichimbe matunguu ya porini ili kukwepa kungoja: ndani ya hifadhi kama Kisiwa cha Saanane kuondoa mmea ni kosa la kisheria, na tunguu la kati ya mawe hung'oka bila mizizi yake, kwa hiyo hata akilifikisha nyumbani mtu hulitazama likiruka misimu miwili mfululizo.